Sare ya Mama Teles

Walikuwa wamefika tendo la nne la furaha la rozari, Yesu anatolewa hekaluni, simu ya Aikaeli ilipolia. Aikaeli hakuizima. Aliinyanyua, akaitazama, akaitazama tena, na tangu hapo Salamu Maria zake zikawa zinatoka mdomoni tu, macho yote yako kwenye kioo. Generosa, mwenyekiti wa jumuiya na mwenye sebule waliyopigia magoti siku hiyo, aliliona jambo hilo akakusudia kumsema baada ya sala. Hakuipata nafasi hiyo.

Walikuwa wanawake wanane na mwanamume mmoja, Fanuel, mume wa Aikaeli, ambaye huja ili mkewe asije akarudi peke yake. Kila Jumamosi hukutana kwa mmoja wao, leo Peckham, kusini mwa London, wiki ijayo kwingine, na akina mama huvaa sare yao: kitenge cha bluu chenye nyota nyeupe na sura ya Bikira Maria kifuani. Sare ile haivaliwi ovyo. Huivaa aliyekula ahadi mbele ya padri, naye akifa huzikwa nayo. Generosa alikuwa na mbili. Ya zamani, ile aliyoivaa siku ya kula ahadi Bukoba kabla ya kuja Uingereza, alikuwa ameitunza ya kuzikiwa, na mwaka uliopita ikapotea asijue imepotea vipi.

"Mama Teles, hongera," Aikaeli alisema mara tu walipomaliza kujipiga ishara ya msalaba.

"Hongera ya nini?"

"Ya kijana. Kumbe amekuwa mtu mkubwa, na wewe umenyamaza tu. Yuko kwenye tangazo."

Simu ikapita mkono kwa mkono kama sahani ya karanga. Kila aliyeipokea aliitazama, akamtazama Generosa, akampa jirani. Ilipomfikia mwenyewe, aliona tangazo la maonyesho ya picha yatakayofunguliwa Jumapili ya wiki ijayo katika kanisa kuukuu lisilosaliwa tena, palepale Peckham. Jina la mchoraji lilikuwa Telesphor, mwanawe wa kwanza. Picha yenyewe ilikuwa ya mama aliyeketi, mwanga umemzunguka kichwani, na vijana wawili wamejilaza magotini pake, mmoja mweusi, mmoja wa Kihindi, wameshikana mikono. Na yule mama naye alikuwa Mhindi.

"Sasa mimi naomba kuuliza," Aikaeli alisema kwa sauti ya upole mno. "Huyu mama wa Kihindi alikula ahadi parokia gani?"

Maana alikuwa amevaa sare. Kitenge cha bluu, nyota nyeupe, Bikira kifuani. Na begani palikuwa na mshono wa uzi mweupe, ambao Generosa aliushona kwa mkono wake siku uzi wa bluu ulipomwishia. Mwanawe alikuwa ameuchora hata uzi.

Mwanamke mwingine angesema ukweli, kwamba ameibiwa. Lakini kusema umeibiwa na mwanao ni kusema mwanao haongei nawe, na hilo Generosa alikuwa ameificha jumuiya kwa miaka miwili, kila wiki akiwaambia Teles yuko bize.

"Ni sare yangu ya zamani," alisema. "Nilimwazima."

"Kumbe uliridhia!" Aikaeli akapiga makofi. "Mimi nilidhani, kwa vile hao vijana, ule mkao wao... Basi kama mama mwenyewe karidhia, sisi ni nani? Jumapili baada ya misa twende wote tukampongeze. Na huyo mama tukamwone. Wanasema kuzaa si kazi, kazi kulea."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Generosa ilikuwa na urefu wa siku nane. Wageni walikunywa chai yake, wakala maandazi yake, wakambusu mashavuni, wakaondoka wakiwa na la kuongea mpaka nyumbani.

* * *

Angel alikuwa jikoni akiosha vikombe. Huyo ndiye mwanawe wa pili na wa mwisho, miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Peckham. Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Ulijua?" Generosa aliuliza.

"Know what?"

"Usinifanye mjinga, Angel. Mwaka mzima nimekusema wewe kwamba umeipoteza sare yangu kule kwenye mashine za kufulia."

"And I told you I didn't."

"Lakini hukuniambia kaka yako kaja kuichukua nikiwa kazini."

Angel alifunga bomba, akamgeukia. "He asked you first, Mum. Three times. I was here."

Ni kweli alimwomba. Mara ya kwanza kwa simu: Mama, njoo Jumapili moja ukae nikuchore. Mara ya pili alisimama mlangoni, hakuingia kwa sababu hakukaribishwa. Mara ya tatu aliandika ujumbe, na ujumbe ule ulikuwa na neno tafadhali, neno ambalo Generosa hakuwahi kulisikia kwa mtoto yule tangu amfundishe kulitamka. Mara zote tatu alimjibu kwamba Jumapili ana shifti. Na shifti alikuwa nayo, hakudanganya. Misa ikiisha huenda Camberwell kumwogesha bibi mmoja wa Kiingereza na kumhamisha kitandani, na Jumapili wanalipa zaidi. Lakini shifti hubadilishwa, na Generosa mwenyewe ameshabadilisha ngapi kwa ajili ya misiba na kipaimara cha watoto wa wenzake.

Tatizo halikuwa shifti. Miaka miwili nyuma, Telesphor alikuja na mwenzake wa Kihindi, Sunil, wakasimama hapohapo jikoni, akamweleza mama yake bila kuzunguka kwamba wanapendana na wanaishi pamoja. Generosa hakupiga kelele. Alisema tu, "Hapa kwangu panasaliwa." Telesphor akamjibu, "Hata mimi nasali, mama," akachukua begi lake moja, wakaondoka kwenye mvua.

"Na huyo mwanamke," Generosa alisema sasa, akijifanya anapanga vijiko, "mama yake Sunil. Kaka yako anamwitaje?"

Angel alitazama sinki. "Ba."

"Ndiyo nini hiyo?"

"It's Gujarati. It's like... Mum."

Hapo wivu ukamshika. Tusimpambe kwa kusema ilikuwa hasira ya dini. Yale mambo ya mwanawe alishayazoea kuyafungia sala za novena, na kila Ijumaa aliyapeleka kwa Mungu kama mtu anavyopeleka fomu ofisini, akisubiri majibu. Lakini hili la mwanamke mwingine kuitwa mama, kuvikwa nguo yake ya kuzikiwa na kuwekewa mwanga kichwani, halikuwa na novena. Alimwona huyo Mhindi akimpakulia Teles chakula. Alimwona akimuuliza kama amekula. Akaviacha vijiko, akajifungia chooni, akafungua maji ili Angel asisikie.

* * *

Jumanne mchana alikwenda Queensbury, kwa mama yake Sunil, anwani akiwa ameipata kwa Angel. Kwanza alipita dukani akanunua ndizi mbichi za kupika, maana kwao Bukoba hata anayekwenda kugombana haendi mikono mitupu. Alipanda treni akabadili Canada Water, ndizi zikiwa mapajani, na njia nzima aliyapanga maneno yake yakapangika vizuri sana.

Aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, mikono ina unga. Alimtazama Generosa usoni, kisha begani.

"Mama Telesphor," alisema kabla ya kuambiwa. "Umechelewa sana. Ingia."

Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza ya zamani, mji alikozaliwa na kukulia kabla familia haijahamia Uingereza. Jina lake Bharti. Generosa alivua viatu mlangoni, na hapo kwenye shelfu akaviona viatu vya mwanawe vyenye matone ya rangi, vimepangwa kisigino kwa kisigino. Kwake Peckham, Teles alikuwa akivirusha viatu sebuleni kila kimoja upande wake, akigombezwa kila siku. Nani aliyemfundisha huyu kupanga viatu?

Sebuleni kulikuwa na kabati dogo lililo wazi, ndani yake miungu ya Bharti na maua mabichi na kikengele. Pembeni, juu ya kitambaa safi, alisimama Bikira Maria wa plastiki aliyebanduka rangi puani. Generosa alimjua. Alimnunua yeye, akampa Teles siku ya komunyo yake ya kwanza.

"Anasali hapo?"

"Kila asubuhi. Mimi na kengele yangu, yeye na rozari yake. Tunapeana zamu. Kaa, chai iko tayari."

"Mama Sunil, sikuja kunywa chai."

"Najua. Chai haijui."

"Umevaa sare yangu."

"Nimevaa."

"Ile si nguo ya kujivalia. Mtu anaivaa akishakula ahadi. Mimi niliiweka nizikwe nayo."

Bharti aliketi taratibu. "Hilo hakuniambia. Aliniambia ni nguo ya mama tu."

Upole ule ukamwudhi Generosa kuliko matusi. Maneno aliyoyapanga kwenye treni yakamtoka, na mengine ambayo hakuyapanga. "Mama yangu alifua nguo za Wahindi Bukoba mpaka vidole vikachubuka. Nguo zenu. Leo mnavaa za kwetu bila hata kuuliza. Na mtoto mmemchukua."

"Mtoto hakuchukuliwa," Bharti alisema. "Alikuja hapa na begi moja, kalowa. Ulitaka nimwambie nini? Niambie. Maneno yako nilikuwa nimwambie yapi?"

 Bharti aliinuka akaingia chumbani, akarudi na sare imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe nne. Kwenye pindo palibaki tone la rangi ya dhahabu, dogo kama punje ya mtama.

"Hilo limekataa kutoka. Nimesugua na limau, nimesugua na kila kitu." Aliiweka mapajani mwa Generosa. "Sasa nikwambie jambo, dada, na wewe usicheke. Jumapili kumi na saba nimekaa kwenye kiti cha mbao. Kila Jumapili mtoto ananiambia, Ba, shusha bega la kulia. Bega la mama la kulia liko chini, ni la kuinua wagonjwa. Ba, usitabasamu, mama akisali anakunja uso kama anatafuta miwani. Ba, mkono si hivyo, mama anaushika hivi. Kumi na saba! Mimi nimekaa pale kuwa wewe."

Generosa alijikuta akiliinua bega lake la kulia.

"Mwanangu Sunil, wa kumzaa mimi, hata mbele ya kabati hili hasimami. Anasema Mungu hamhusu. Wa kwako kila asubuhi yuko magotini, na wewe uko humo kwenye sala yake, jina lako nalisikia kabla sijaweka maji ya chai. Nilikuonea wivu. Nasema kweli. Nilisema, huyu mwanamke ana nini, amemwacha mtoto na mtoto hajamwacha?"

Ingekuwa vizuri kusema Generosa alilainika. Alilainika kidogo, kisha likamjia jingine.

"Kwa hiyo bega langu," alisema, "uso wako."

"Ndiyo."

"Kwa nini hakuweka uso wangu?"

"Anachora kitu anachokiona," Bharti alisema. "Uso wako haukuja."

Generosa aliifumbata sare, akavaa viatu vyake. Chai hakuinywa. Ndizi aliziacha juu ya meza, na kituoni alijisemea kwamba amezisahau.

* * *

Jumapili jumuiya ilikuja yote, na sare zao, moja kwa moja kutoka misani. Fanuel alikuwa amefunga tai. Generosa alivaa sare ya zamani, ile yenye tone la dhahabu kwenye pindo, na Angel akamfuata nyuma.

Kanisa lile halikuwa na madhabahu tena wala mabenchi. Picha zilitundikwa pande zote mbili kama njia ya msalaba, na juu ya mlango yameandikwa maneno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Mtuombee Sisi. Waliochorwa walikuwa watu kumi na wawili, kila mmoja na mwanga wake kichwani na jina lake chini. Kulikuwa na nesi mwanamke na mpenzi wake, mwanamke pia, wamevaa sare za kazi, wamefumba macho. Kulikuwa na Suhaib, kijana wa Kizanzibari, aliyechorwa kwa nyuma tu akiwa na tasbihi mkononi, kwa sababu alikubali kuchorwa lakini si kuonekana. Hakuna aliyekuwa uchi, hakuna aliyekejeliwa. Akina mama walikuwa wamejiandaa kuchukizwa, na sasa hawakujua wayaweke wapi macho yao. Mmoja wao, mbele ya Suhaib, alijipiga ishara ya msalaba kwa mazoea, kisha akautazama mkono wake kana kwamba si wake.

Telesphor alisimama mwisho wa ukumbi, chini ya picha kubwa. Alikuwa amekonda. Alipomwona mama yake na ile sare, aliuachia mkono wa Sunil, upesi, kama mtoto aliyefumwa akiiba sukari. Generosa aliliona hilo. Miaka miwili aliliombea tukio hilohilo, mwanawe auachie mkono ule, na sasa halikumpa furaha yoyote.

Bharti alikuwa kando na sinia la sambusa.

"Mwenyekiti," Aikaeli aliita, na sauti ikapaa mpaka darini, maana makanisa hujengwa kwa ajili hiyo. "Sare si ndiyo hiyo uliyovaa? Basi tueleze, sisi wenzako tusiojua. Ulimwazima huyu mama ukijua anakwenda kuchorwa na mambo haya?"

"Aikaeli, acha," Fanuel alinong'ona.

"Nauliza tu, baba. Mwenyekiti ni mfano wetu."

Watu wakageuka, hata Waingereza wasioelewa neno. Generosa alijua akisema ndiyo, kesho si mwenyekiti. Akisema hapana, Teles atakuwa mwizi mbele ya watu, na hatamwona tena. Aliitazama picha. Bega lile lililolegea. Mkono ule ulioshika rozari kwa vidole viwili, jinsi anavyoishika yeye tangu kidole cha tatu kilipobanwa na kitanda cha mgonjwa. Kila kitu kilikuwa yeye, mpaka shingoni. Halafu juu ya shingo, Bharti. Wivu ukampanda upya, ukazidi aibu, ukazidi woga, ukamfungua mdomo.

"Sikumwazima," alisema. "Nilisema uongo na rozari mkononi, nitaungama. Aliichukua mwanangu. Aliniomba mimi mwenyewe mara tatu nikae anichore, nikamwambia nina shifti."

"Kwa hiyo unakubali haya?"

"Sijasema nakubali. Nimesema yule si mimi!" Alinyoosha kidole kwenye picha. "Bega langu, mkono wangu, sare yangu, mtoto wangu. Uso wa nani ule? Telesphor, futa."

"Mama..."

"Futa uso huo uweke wangu."

 Miaka miwili Telesphor hakuwa amegombezwa na mtu. "Siwezi kumfuta, mama. Alikaa Jumapili kumi na saba."

"Basi chora nyingine. Na huyu," alimwelekezea Sunil kidevu bila kumtazama sana, "atakuwemo?"

"Atakuwemo. Bila yeye sichori."

 Generosa alipumua kwa pua, kama anavyofanya kabla ya kumwinua bibi wa Camberwell.

"Mweke kushoto," alisema. "Bega la kulia linauma."

Angel alicheka, akalia, vyote kwa mpigo mmoja. Aikaeli aliuliza na shifti je, na jumuiya je, lakini swali lake halikupata mwenyewe, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa tayari anatembea kuelekea kwenye kile kiti cha mbao kilichowekwa chini ya picha kubwa kuwa sehemu ya maonyesho. Juu yake palikuwa na kibao cha kukataza watu wasikikalie. Alikiondoa, akampa Fanuel akishike.

"Nitakaa Jumapili kumi na nane," alimwambia mwanawe. "Hesabu kuanzia leo."

Bharti aliweka sinia chini, akaja mbiombio na mto mdogo uliochakaa. "Dada, ngoja. Kiti hicho kinaua mgongo. Weka hii."

Generosa aliutazama mto ule. "Wewe uliukalia?"

"Kila Jumapili."

"Mimi siuhitaji," alisema Generosa, akaketi kwenye ubao mtupu, akalishusha bega.